Mlango Mmoja, Maghala Mengi

(Hotuba iliyotolewa bwaloni na mwanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu serikalini, kisha akaongeza kwa kalamu kwamba nisiwachelewesha watu chakula. Nitajitahidi. Tangu nilipotoka Chuo Kikuu, kazi yangu imekuwa kutengeneza kurasa za tovuti ambazo makarani huzitumia kutafuta kumbukumbu za watu. Leo nataka kueleza kosa nililolifanya katika kazi hiyo, kwa sababu naamini litawafaa zaidi kuliko sifa nilizopata.

Wa rika langu wanakumbuka taabu ya Kidato cha Kwanza. Ukitaka daftari, ulikwenda stoo ya kwanza na cheti cha mwalimu wa darasa. Ukitaka jembe, ulikwenda stoo ya pili ukaandika jina lako kitabuni. Ukitaka kitabu, ulikwenda maktaba ukaacha kitambulisho. Mgeni alizunguka mpaka kengele ikalia. Ndipo shule ikaweka kiranja mmoja dirishani. Ulimweleza haja yako, naye ndiye aliyejua desturi ya kila mtunza stoo.

Katika kompyuta, ghala la kumbukumbu huitwa kanzidata. Yako ya namna nyingi: Oracle, MySQL, PostgreSQL, SQLite na mengineyo. Haya yote huulizwa kwa lugha iitwayo SQL, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika kampuni ya IBM huko Marekani, mwaka 1974. Lakini kila ghala lina desturi yake ya kufunguliwa, na huitamka lugha hiyo kwa lafudhi yake.

Ukurasa wa tovuti hauwezi kulifungua ghala wenyewe. Nyuma yake yapo maandishi ya amri, yaitwayo skripti, ambayo hupokea swali la karani, huliuliza ghala, kisha huleta jibu. Lugha moja maarufu ya skripti hizo ni PHP, iliyotolewa hadharani na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Katika PHP ya zamani kila ghala lilikuwa na amri zake: za MySQL zilianza kwa neno mysql, za PostgreSQL kwa herufi pg. Aliyeandika kwa amri za ghala moja alikuwa amejifunga nalo kama mbuzi na kigingi.

Mafundi waliliona tatizo hili mapema. Microsoft walitoa ODBC mwaka 1992. Lugha ya Perl ikapata DBI, kazi ya Tim Bunce. Java ikapata JDBC mwaka 1997. PHP nayo ikapata PDO katika toleo lake la 5.1, Novemba 2005. Hao wote ni viranja wa dirishani. Skripti huzungumza na tabaka moja la pamoja, na chini ya tabaka hilo kila ghala lina kiendeshi chake, yaani kipande cha programu kinachojua desturi za ghala hilo tu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka 2008 nilipewa kazi ya kutengeneza kurasa za masjala ya wastaafu. PDO ilikuwa ipo, nami niliijua, lakini sikuitumia. Amri za mysql nilizijua kwa ghibu, na nilitaka kumaliza upesi. Niliandika kurasa zaidi ya 200 kwa amri hizo, na wakubwa wangu wakanisifu kwa kasi yangu.

Ndugu zangu, haraka haraka haina baraka. Mwaka 2013, katika PHP 5.5, ilitangazwa kwamba amri zile zitaachwa. Nilisoma tangazo hilo nikalipita. Desemba 2015 ilipotoka PHP 7.0, zikaondolewa kabisa. Mwaka 2017 ofisi ikafunga mtambo mpya wenye toleo hilo, na asubuhi moja kurasa zangu zote zikafa. Tulilazimika kuurudisha mtambo wa zamani, nami nikakaa miezi minne nikibadilisha ukurasa mmoja mmoja ili utumie PDO.

Faida niliiona upesi. Katika SQL, maneno hufungwa kwa alama inayofanana na ritifaa, ile tunayoiandika katika ng'. Skripti zangu za zamani zililipachika jina la mtu katikati ya swali. Mzaliwa wa Mang'ula akitafutwa, ghala lilidhani neno limeishia kwenye ritifaa, likakataa swali. Makarani walikuwa wamezoea kuiacha alama hiyo. Kwa PDO, ukiitumia inavyopasa, swali hutayarishwa kwanza likiwa na nafasi wazi, na jina hukabidhiwa peke yake. Ritifaa haidhuru tena. Vilevile mhalifu anayeandika amri za SQL mahali pa jina hapati kitu, kwa kuwa maneno yake huchukuliwa kuwa jina tu.

Baada ya hapo tuliamua kuhama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL. Nilimwambia mkuu wangu kwa kujiamini kwamba sasa tunaye kiranja dirishani, hivyo nitabadilisha mstari mmoja tu. Nikaubadilisha. Maswali machache yalikataliwa. Kwa mfano, MySQL hukubali LIMIT 20, 10, lakini PostgreSQL hutaka LIMIT 10 OFFSET 20. Hayo niliyasahihisha siku hiyohiyo, maana ghala lenyewe lilipiga kelele. Lililonishinda ni lile ambalo halikupiga kelele.

Alikuja mzee mmoja, dereva mstaafu, kutoka mkoani. Karani akaandika jina lake, ghala likajibu kwamba hakuna. Mzee akaambiwa hayumo, akarudi kwao. Mwezi uliofuata akaja tena, akajibiwa hivyohivyo. Mara ya tatu alikataa kuondoka. Niliposhuka nilimkuta amekaa kwenye benchi na mfuko wake magotini. Nikamwamkia. Akaniambia, "Mwanangu, nimeendesha magari ya serikali miaka thelathini na mmoja. Leo mnaniambia sikuwako?"

Nilikwenda masjala mwenyewe. Nusu saa haikupita nikalipata jalada lake kabatini.

Sababu ilikuwa ndogo mno. Zamani jina lake liliingizwa kwa herufi kubwa tupu. MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, huona JUMA na Juma kuwa neno moja. PostgreSQL huyaona kuwa mawili. Kiranja alilifikisha swali langu vilevile nilivyoliandika, lakini mtunza stoo mpya akalielewa kwa namna nyingine. PDO haikutudanganya, maana kazi yake ni kuunganisha njia ya kuuliza, wala haikuahidi kutafsiri maswali. Mimi ndiye niliyedhani kwamba mlango ukiwa mmoja, maghala nayo yamekuwa mamoja.

Tangu siku ile tumeweka kanuni tatu ofisini. Ya kwanza, maswali yote ya SQL hukaa mahali pamoja, wala hayatawanywi katika kurasa 200, ili ghala likibadilika tujue pa kusahihisha. Ya pili, kabla ya kulifunga ghala la zamani, tunayauliza yote mawili maswali yaleyale na kulinganisha majibu, yakiwemo majina yenye herufi kubwa na yenye ritifaa. Ya tatu si ya kompyuta: karani haruhusiwi kumwambia mtu hayumo kabla ya kutazama kabati.

Wadogo zangu, najua chumba chenu cha kompyuta kina wenye vipaji kunizidi. Tumieni tabaka la pamoja tangu siku ya kwanza, hata kama ghala mlilonalo ni moja. Lakini jifunzeni pia tabia za kila ghala lililo chini yake, kama sisi tulivyomjua kila mtunza stoo kwa hasira zake.

Yule mzee alipata haki yake. Nauli za safari mbili za bure hakurudishiwa, kwa kuwa hakuna kifungu cha kuzilipa. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko wake akaenda kutafuta basi.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanatuchungulia.