Chungu cha kunywesha bustani



Leo sikuja kusema juu ya muhogo wala mahindi. Nimekuja kusema juu ya bustani ya mboga wakati wa kipwa. Huku kwetu, pande za Likasi na Kolwezi, mvua inakoma mwezi wa 4, inarudi mwezi wa 10 au wa 11. Katikati hapo mboga ni kidogo, na bei yake inapanda. Mwenye tomati na shu wakati ule anakula vizuri, tena anauza vizuri kwa watu wa mine. Asiye nazo ananunua.

Najua mtanijibu: "Monitere, maji ni mbali." Ni kweli. Mama anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, anamwaga juu ya tuta, na jua linakula maji. Mizizi inabaki na kiu, na mama amechoka bure. Basi, tupeleke maji chini, penye mizizi.

Angalieni chungu cha maji ya kunywa nyumbani. Asubuhi tumbo lake lina jasho, kwa sababu maji yanapita polepole katika udongo wake. Tukizika chungu kama hicho tutani, jasho lile litanywesha mizizi. Udongo ukikauka, unavuta maji. Ukilowa, maji yanatoka kidogo tu. Fanyeni hivi:

Kwanza, tafuta chungu kilichochomwa vizuri, kisichopakwa kitu, chenye kuingia litri 8 au 10. Kijaze maji, ukiache usiku mmoja. Asubuhi kipapase. Kikiwa kikavu, hakifai. Kikichuruzika, kimepasuka. Kikiwa na unyevu tu, ndicho hicho.

Pili, chimba shimo katikati ya tuta, changanya udongo na samadi iliyooza, uzike chungu mpaka shingoni. Mdomo ubaki juu ya udongo vidole viwili, ili uchafu usiingie. Kama tuta ni refu, weka chungu kingine baada ya hatua moja.

Tatu, panda miche kukizunguka, karibu shibiri moja kutoka chungu. Tomati, shu, bilinganya na maboga yanapenda sana. Siku za kwanza mwagilia miche kwa mkono pia, mpaka mizizi ifike penye unyevu.

Nne, jaza maji, ufunike kwa kigae au jiwe bapa. Chungu wazi kinazaa mbu, na panya wanaanguka ndani. Tandaza majani makavu juu ya tuta.

Tano, chungulia kila siku. Maji yakifika nusu, ongeza. Usingoje yaishe.

Mwaka wa kwanza mimi mwenyewe nilikosa. Nilichukua chungu cha mama yangu, kilichopikia nyama na mawese siku nyingi. Mafuta yalikuwa yameziba udongo wake. Siku nne maji hayakupungua, miche yangu ikafa yote, na watu wakanicheka. Mama akaniambia: "Mwanangu, umesoma shule, lakini hukumwuliza mfinyanzi." Alisema kweli. Chungu cha kupikia kiacheni jikoni. Nendeni kwa mama anayefinyanga, mwambieni kazi ya chungu, naye atajua.

Sasa neno moja kubwa, lishikeni. Msichote maji ya kijito kinachotoka mahali pa kuoshea mawe ya mine, hata kama ni karibu, hata kama yanaonekana safi. Shaba na madini mengine yanayeyuka ndani yake, yanaingia katika udongo na katika mboga, nanyi mnakula pamoja na watoto. Chungu hakichuji sumu ile. Vilevile pipa lililokuwa na asidi au dawa za mine lisitiwe maji ya bustani, hata likioshwa mara kumi. Afadhali ndoo moja ya kisima kizuri kuliko pipa zima la maji yale.

Wandugu, msiniamini kwa maneno tu. Zikeni chungu kimoja katika tuta moja, na tuta la pili mwagilieni kama zamani. Hesabuni ndoo za tuta hili na za tuta lile. Mwezi ujao nitapita tena. Mtanionyesha matuta yenu, nanyi wenyewe ndio mtakaosema.