Rubani Akigeuza Ndege, Mshukuru

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Leo nataka tuipandishe methali hiyo angani, katika zile ndege ndogo zinazoruka kila siku kutoka Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, kutoka Arusha kwenda Serengeti, na kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja na Mafia. Watalii, wagonjwa, wanasiasa na wafanyabiashara, wote huzitegemea mahali ambapo barabara ni ndefu au ni mbovu.

Ndege huendeshwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa macho: rubani hutazama nje, akaiona ardhi, milima, na ule mstari ambapo mbingu hukutana na nchi. Ya pili ni kwa kufuata mita zilizo mbele yake, hata kama nje haonekani mtu wala mti. Hii ya pili ina mafunzo yake na kibali chake. Anayeruka kwa macho katika anga inayoongozwa, chini ya futi 10,000, sheria za kimataifa humtaka aone mbele umbali wa kilomita 5, na akae mita 1,500 kando ya wingu na futi 1,000 juu au chini yake.

Sasa, ndugu wasikilizaji, hatari hii haiji kwa kishindo. Rubani ameondoka jua likiwaka. Nusu saa baadaye mawingu yameshuka kidogo, naye anashuka kidogo ili aendelee kuiona ardhi. Mvua imeziba upande wa kushoto, anasogea kulia. Mbele anaona mwanga, anajiambia huko kumetakata. Kila hatua ni ndogo, na kila hatua ina sababu yake. Lakini nchi zetu hizi zina miinuko. Uwanja wa Wilson wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ngong vilivyo jirani vinakaribia mita 2,500. Wingu ambalo ukiwa uwanjani unaliona liko juu kabisa, ndilo hilo hilo lililokikalia kilele cha kilima. Ardhi inapanda, wingu linashuka, na rubani yumo katikati kama punje kati ya mawe mawili ya kusagia.

Akishaingia ndani ya wingu, adui wake wa kwanza ni mwili wake mwenyewe. Ndani ya sikio la mwanadamu kuna vijifereji vyenye majimaji, navyo ndivyo vinavyotuambia kwamba tumegeuka au tumeinama. Ndege ikianza kuzunguka, majimaji hayo hucheza, nasi tukahisi. Lakini ikiendelea kuzunguka kwa mwendo ule ule, baada ya muda mfupi majimaji hutulia, na mtu akajihisi ananyooka ilhali bado anazunguka. Akiinyoosha ndege, sikio humwambia kwamba sasa ndiyo inapinda. Basi huirudisha kule kule kubaya. Ndege hulala ubavu, pua ikashuka, mwendo ukaongezeka. Rubani huvuta usukani ili ainue pua, kumbe anazidi kuukaza mzunguko.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua watu 20 waliojua kurusha ndege kwa macho lakini hawakufunzwa kutumia mita. Wakiwa angani na mwalimu pembeni, walizibwa wasione nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, na 19 kati yao waliingia katika mzunguko ule niliousimulia. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hizo hazifiki dakika tatu. Wewe msikilizaji hujamaliza hata kikombe cha chai.

Yuko atakayesema, hao walikuwa wanafunzi. Haya, tuangalie tarehe 26 Januari 2020, karibu na Los Angeles. Helikopta iliyombeba mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, Kobe Bryant, pamoja na binti yake, iligonga mlima, na watu wote 9 waliokuwamo wakafa. Rubani wake alikuwa na zaidi ya saa 8,000 za kuruka, na alikuwa na kibali cha kutumia mita. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza mwaka 2021 kwamba aliendelea kuruka kwa macho hadi akaingia mawinguni, akapotewa na hisia za juu na chini. Aliwaambia waongozaji kwamba anapanda, wakati tayari alikuwa anashuka. Wachunguzi hawakuona ushahidi kwamba abiria wake alimshurutisha. Walisema rubani alijishurutisha mwenyewe, kwa kutaka kumfikisha mteja wake.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kama rubani mzoefu hujisukuma mwenyewe bila kuambiwa, itakuwaje pale anaposukumwa? Nasi tunawasukuma. Abiria anatazama saa na kuuliza, "Kapteni, kwani tatizo nini? Mbona mwenzako ameruka?" Mheshimiwa anasubiriwa na umati uwanjani. Mtalii ana ndege ya Ulaya usiku. Tajiri mwenye kampuni anapiga hesabu ya mafuta yaliyochomwa bure. Hakuna hata mmoja wao aliyesema, "Ingia wingu hilo." Lakini wote wamesema.

Kisheria, neno la mwisho ndani ya ndege ni la rubani. Sheria hiyo haina nguvu iwapo rubani anayerudi anapokewa kwa manung'uniko, na yule aliyepenya mvua anapigiwa makofi. Wenye makampuni wamwambie rubani wao, tena mbele ya wenzake, kwamba safari iliyorudi haitakatwa kwenye mshahara wake. Wapanga ratiba za viongozi waache nafasi, hasa nyakati za masika na vuli, ili kuchelewa kusiwe aibu. Na rubani mwenyewe aamue akiwa bado chini, kabla ya kuwasha injini: nikifika mahali fulani sijauona mlima fulani, nageuka. Uamuzi uliofanywa kwenye kiti cha ofisini ni mwepisi kuliko unaofanywa huku mvua inapiga kioo.

Na sisi abiria tuna sehemu yetu. Siku rubani akikwambia, "Jamani, tunarudi Arusha," usigune. Mkutano utaahirishwa, mzigo utafika kesho, na chumba cha hoteli kitalipiwa mara ya pili. Hasara hizo zote zinahesabika. Mpe mkono, umwambie ahsante, kisha piga simu nyumbani uwaambie utachelewa.

Kwa mwoga huenda kicheko. Mimi napenda kupanda ndege ya rubani wa namna hiyo.