Tela Lisikuache Njiani

Leo tunazungumza nawe uliyeko Nakivale, Kakuma na kambi nyinginezo, wewe unayefunga tela nyuma ya baiskeli ili ubebe maji, kuni au chakula cha mgao.

Madumu 4 ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 80. Huo ni uzito wa mtu mzima. Tela likichomoka mlimani, uzito huo hauna breki wala usukani. Utateremka wenyewe hadi chini, na huko chini ndiko watoto wetu wanakopanga foleni ya maji. Kwa hiyo, kabla hujapanda baiskeli, kagua mambo manne.

Kwanza, mahali pa kufungia. Wengi hufunga tela kwenye keria au chini ya kiti, kwa kuwa ni rahisi. Lakini hapo ni juu. Ukikata kona au ukishika breki, mzigo utaisukuma baiskeli na kukuangusha. Funga chini, kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, maana kulia kuna mnyororo. Mwombe fundi atoboe kipande cha chuma bapa, akipitishe kwenye ekseli, kisha akaze nati juu yake. Nati ikishakazwa, ncha ya ekseli ichomoze nje kidogo. Ikiwa imemezwa ndani ya nati, ekseli hiyo ni fupi mno. Ibadilishe kwanza.

Pili, kiungo. Kiungo lazima kicheze kushoto na kulia, juu na chini. Kikichomelewa kikawa kigumu, kitavunjika, na baiskeli ikianguka, tela nalo litapinduka. Kipande cha mpira mnene wa tairi kuukuu la gari, kilichobanwa kwa bolti 2 kila upande, kinafaa. Ukiona kimeanza kupasuka, kibadilishe siku hiyo hiyo.

Tatu, kamba ya akiba. Hii ndiyo wengi wanaisahau. Hata kiungo kizuri kina siku yake ya kukatika. Chukua mnyororo au mkanda imara, uufunge kutoka kwenye mti wa tela hadi kwenye fremu ya baiskeli, si kwenye keria. Ulegee kiasi cha kukuruhusu kukata kona, lakini usiburute chini wala usiguse spoku. Kiungo kikikatika, tela litabaki nyuma yako, nawe utapata nafasi ya kusimama.

Nne, mzigo wenyewe. Vitu vizito viwe chini, katikati, vikielekea mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Kabla ya kuunganisha, inua mti wa tela kwa mkono. Usikie uzito kama wa dumu la lita 5 lililojaa. Mti ukiwa mwepesi, au ukipanda wenyewe, mzigo umekaa nyuma mno na tela litayumba. Panga upya, kisha kaza kwa mipira ya tyubu ili dumu lisiteleze.

Ukimaliza, tikisa tela kwa nguvu. Kokota baiskeli hatua 20, simama, angalia nati na kamba tena. Kwenye mteremko, shuka ukokote, hasa mvua ikinyesha, kwa sababu breki zilizolowa hazishiki vizuri. Na usimpakie mtoto juu ya mzigo, hata kama safari ni fupi.

Labda utasema, "Tela si langu, nimeazima tu." Basi likague zaidi. Aliyelitumia jana alifika, lakini hujui kiungo alikiacha katika hali gani.

Jioni ya leo, mwite jirani mwenye tela, mkague pamoja lake na lako. Asiye na kamba ya akiba, asaidiwe kuipata kabla ya siku ya mgao.

Safari njema, na ufike pamoja na mzigo wako.