Kipimo cha Pili: Risasi katika Damu ya Watoto



Nchini Marekani, mtoto aliyeandikishwa katika Medicaid, bima ya umma kwa familia za kipato kidogo, lazima apimwe damu kuangalia madini ya risasi akiwa na miezi 12, na tena akifikisha miezi 24. Nimekuja kukitetea hicho kipimo cha pili.

Mtoto wa mwaka mmoja ndiyo kwanza anasimama dede. Baada ya muda mfupi anazunguka nyumba nzima, na kila akiokotacho hukitia mdomoni. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini nyumba zilizopakwa kabla ya hapo bado zina wapangaji. Madirisha yake mengi hupandishwa na kushushwa ndani ya fremu. Kila yanaposogezwa, rangi kuukuu husagika, na vumbi lake laini kama unga hutua kwenye kizingiti, pale pale mtoto anaposhika ili asimame. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma, utumbo wake hufyonza risasi nyingi zaidi. Majibu mazuri ya miezi 12 hayamkingi na yatakayomkuta baadaye.

Mji wa Manchester, jimboni New Hampshire, unalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2000 mtoto mkimbizi wa miaka miwili kutoka Sudan alifariki huko kwa sumu ya risasi, wiki chache tu baada ya kuwasili. Miaka michache baadaye wataalamu waliwafuatilia watoto wakimbizi, wengi wao Waafrika, wakakuta kwamba baadhi yao walipimwa walipofika wakaonekana salama, kisha risasi ikapanda wakiwa tayari wanaishi katika nyumba za Marekani. Ndipo ikashauriwa kwamba watoto wadogo wakimbizi wapimwe tena miezi 3 hadi 6 baada ya kipimo cha kwanza. Ushauri huo unawahusu pia watoto wa Kikongo na Kirundi ambao wazazi wao wanazungumza Kiswahili kama sisi.

Sasa tazameni hesabu zinavyofanywa. Tangu 2024 majimbo yanalazimika kutoa taarifa za upimaji huu, lakini kigezo kinachotumika kinamhesabu mtoto aliyepimwa walau mara moja kabla ya kutimiza miaka miwili. Sheria inadai viwili, rejista inaridhika na kimoja! Mtoto aliyepimwa akiwa na miezi 12 tu anaingia katika safu ya waliofanikiwa, na hakuna anayeulizwa kulikoni.

Kumrudisha si kazi nyepesi. Kufikia miezi 24 chanjo nyingi zimekwisha, na safari za kliniki zimepungua. Mara nyingi mama hupewa karatasi aende maabara nyingine, naye analipwa kwa saa. Kumbe damu ya kidoleni ingechukuliwa hapo hapo, mikono ikishaoshwa vizuri kwa sabuni ili vumbi la ngozini lisiharibu majibu. Yakionekana makubwa, yahakikishwe kwa damu ya mshipa.

Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na ubongo ulioathirika haurudishwi na dawa. Kwa hiyo nadai mambo mawili: kila kipimo kihesabiwe peke yake, na majibu yakifika mikrogramu 3.5 kwa desilita, kiwango cha tahadhari tangu 2021, mkaguzi atumwe nyumbani na gharama za matengenezo abebe mwenye nyumba.