MAZUNGUMZO JUU YA UTEUZI WA MITAMBO YA INTANETI ISIYOTUMIA WAYA: FUNZO LA MCHIKICHINI



Mada ya mazungumzo haya ni namna ya kulinganisha mitambo inayopeleka intaneti kwa mawimbi ya redio kutoka paa moja hadi jingine bila ya kuvuta waya. Mfano uliochaguliwa ni Mchikichini, mtaa wa jiji la Dar es Salaam ulio jirani na soko la Kariakoo na bonde la Msimbazi. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wafanyabiashara wengi wa Unguja na Pemba huvuka bahari kununua vifaa vyao Kariakoo. Pili, msongamano wa nyumba na vichochoro vya huko haupo mbali na ule wa Ng'ambo, na kinachomsumbua mtoa huduma wa Mchikichini kitamsumbua pia wa Visiwani.

Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa, na gharama ilikuwa kubwa mno. Mkongo ulileta intaneti hadi pwani, lakini haukuifikisha mlangoni mwa fundi cherehani wala mwa mwanafunzi. Kuchimba mitaro katika vichochoro ni kazi ya gharama. Ndipo anapoingia mtoa huduma mdogo: hununua intaneti kwa jumla kutoka kampuni kubwa, huweka redio juu ya jengo refu, kisha huigawa kwa wateja wenye antena ndogo juu ya mapaa yao. Mtaji wake mara nyingi ni mkopo. Akikosea kununua, hasara si yake peke yake. Wateja waliokwisha kulipa ada ya mwezi hubaki bila ya huduma.

Kosa la kwanza ni kulinganisha mitambo kwa kasi iliyochapishwa kwenye boksi. Kasi hiyo ni ya mawimbi hewani katika hali bora kabisa, na data anazozipata mtumiaji huwa pungufu sana, mara nyingi karibu na nusu. Juu ya hayo, kasi hiyo ni ya wateja wote wa upande mmoja wa mnara kwa pamoja. Tuseme upande mmoja unatoa megabiti 60 kwa sekunde na una wateja 30. Saa mbili usiku, wote wakitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata megabiti 2. Hesabu ya saa hiyo ndiyo hesabu ya kweli.

Mitambo iliyozoeleka zaidi kwa mtaji mdogo ni ile ya gigahezi 5, kama vile ya Ubiquiti ya Marekani na MikroTik ya Latvia. Bei yake ni nafuu na mafundi wake wapo. Lakini inafaa ieleweke kuwa Wi-Fi ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya chumba, ambamo kila kifaa humsikia mwenzake na kungoja zamu. Juu ya mapaa, antena mbili za wateja huusikia mnara lakini hazisikiani zenyewe. Husema kwa pamoja, na maneno yao hugongana. Kwa hiyo watengenezaji hao wameweka utaratibu ambao mnara humpa kila mteja zamu yake. Utaratibu huo ni mzuri, ila kila mtengenezaji ana wake. Mnara ukiwekwa katika utaratibu wa kampuni moja, antena za kampuni nyingine hazitaunganika nao. Uamuzi wa siku ya kwanza humfunga mnunuzi kwa miaka.

Daraja la pili ni mitambo kama ya Cambium, kampuni iliyotengana na Motorola mwaka 2011. Sehemu ya mitambo hiyo hupokea saa kutoka setilaiti za GPS, ili redio zote za mnara zitume kwa pamoja na kupokea kwa pamoja. Faida yake ni kwamba masafa yale yale huweza kutumika upande wa mashariki na wa magharibi wa jengo moja bila ya redio moja kuiziba nyingine. Bei yake ni kubwa zaidi. Mwenye wateja 20 huenda asiihitaji. Mwenye wateja 200 katika mtaa uliojaa redio za watu wengine atajuta kwa kuikosa.

Daraja la tatu ni mitambo ya gigahezi 60. Hubeba data nyingi mno, hata gigabiti nzima, na masafa yake hayajasongamana. Kasoro yake ni hewa yenyewe. Oksijeni humeza takriban desibeli 15 kwa kila kilomita, yaani nguvu hubaki kama sehemu moja ya thelathini na mbili. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo si ngeni wakati wa masika, huongeza takriban desibeli 17 kwa kilomita. Kwa hiyo mitambo hiyo hufaa kuvuka barabara au kuunganisha majengo yaliyo mita mia mbili au tatu baina yao. Haifai kuvuka bonde zima la Msimbazi. Gigahezi 5 kwa upande wake haidhuriki sana kwa mvua.

Baada ya mitambo, huja mahali. Kariakoo ilikuwa mji wa nyumba za chini za Kiswahili. Leo majengo ya ghorofa yamesimama kando yake na mengine yanaendelea kujengwa. Antena inayouona mnara mwaka huu yaweza kuzibwa na ukuta mwakani. Tena, mawimbi hayapiti mfano wa uzi. Kwa umbali wa kilomita moja, gigahezi 5 huhitaji katikati ya njia nafasi inayokaribia mita 4 kila upande, na sehemu kubwa yake hapana budi iwe wazi. Mteja aliyezibwa nusu hupokea polepole na huwaibia wenziwe zamu: anayepokea kwa megabiti 6 hutumia muda mara kumi ya anayepokea kwa megabiti 60 kwa mzigo ule ule. Ni bora kumkatalia mteja huyo, au kumtafutia paa jingine, kuliko kuwadhoofisha wote.

Umeme nao usisahauliwe. Mitambo inayotumia wati 60 huweza kuendeshwa takriban saa 10 na betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikiwa itatumika nusu tu ili isiharibike. Waya wa kupeleka radi ardhini na vyuma visivyoshika kutu kwa chumvi ya bahari viingizwe katika bei tangu mwanzo.

Mwisho ni sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, anayetoa huduma hii sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na vifaa vyake viwe vimeidhinishwa. Bei nafuu ya kifaa kisichoidhinishwa si unafuu.

Kwa hayo, wakuu wa ofisi na wakaazi wanaotaka kuunganishwa wanashauriwa kumwuliza mtoa huduma mambo manne kabla ya kulipa: ana leseni, upande wa mnara watakaounganishwa una wateja wangapi, kasi ya saa mbili usiku ni ipi, na umeme ukikatika huduma hudumu saa ngapi. Mtoa huduma aliyechagua mitambo yake kwa makini atayajibu yote manne bila ya kusita. Asiyeweza kuyajibu, basi na asubiriwe hadi atakapoweza.