Toronto: Duka la Intaneti Bila Kadi ya Chakula

Leo tunaitupia macho Toronto, Kanada, tukiuliza: familia yenye kipato kidogo inaweza kuagiza chakula kwa njia ya intaneti?

Katika nchi jirani ya Marekani, anayepata msaada wa chakula wa serikali hupewa kadi. Mwaka 2019, kwa kuanzia na jimbo la New York, kadi hiyo ilianza kupokelewa na maduka ya intaneti, na janga la Covid-19 likayaharakisha majimbo mengine mwaka 2020. Hata hivyo, kadi hulipia chakula tu. Gharama ya kuletewa mzigo nyumbani haimo.

Kanada haina mpango wa taifa wa kadi kama hiyo. Jimbo la Ontario hutoa msaada wa fedha, naye mpokeaji hupanga matumizi mwenyewe. Kwa maoni yangu utaratibu huo una heshima zaidi, kwani hakuna anayekichungulia kikapu cha mwenzake. Kasoro ni kiasi. Mtu mmoja asiye na mtoto, chini ya mpango wa Ontario Works, hupata dola 733 za Kanada kwa mwezi, kodi ya nyumba ikiwa humo humo, na kiwango hicho hakijaongezwa tangu mwaka 2018. Toronto fedha hizo hazifikii hata kodi ya nyumba ya chumba kimoja kwa bei ya soko. Duka la intaneti li wazi usiku na mchana. Cha kulipia ndicho hakipo.

Ndiyo maana watu humiminika kwenye benki za chakula. Ripoti ya mwaka 2024 ya Daily Bread na North York Harvest ilieleza kwamba zaidi ya mkazi mmoja kati ya kumi wa Toronto hutegemea huduma hizo.

Kabla intaneti haijaenea, shirika la FoodShare lilikuwa na njia yake. Mwaka 1994 lilianzisha boksi la matunda na mboga: majirani walikusanya fedha, shirika likanunua kwa jumla, na maboksi yakashushwa mahali pamoja mtaani. Gharama ya usafiri ikagawanywa. Waliozoea michango ya kwetu hawataustaajabia mpango huo.

Msikilizaji uliyewasili Toronto karibuni, nambari ya simu 211, iliyoanza kutumika mjini humo mwaka 2002, hukuelekeza bila malipo kwenye msaada ulio karibu nawe. Unaweza kuomba mkalimani.