Mashine Haina Macho: Tutenge Nguo Kabla ya Kufua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitengela na Kajiado)



Leo tuongee juu ya kufua kwa mashine.

Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza ng'ombe katika boma nyingi za Kajiado, na familia nyingi zikatafuta riziki mjini. Hapa Kitengela kazi ya kufua ipo. Nyumba za kupanga ziko kila upande, na wanaofanya kazi EPZ ya Athi River au Nairobi hurudi usiku wamechoka. Basi kikundi kikichanga pesa kinunue mashine, ni mpango mzuri. Lakini pesa hizo hulindwa kabla mashine haijawashwa.

Mama anayefua kwa mkono huona kila nguo anapoishika. Mashine haina macho. Ukiipa shuka nyekundu na shati jeupe la shule, itafua vyote pamoja, na shati litatoka na rangi ya waridi. Tuseme mzigo huo mmelipwa shilingi 300. Shati mtalilipa, na mteja hatarudi. Hiyo hasara inatoka wapi? Si kwa karo ya watoto wenu?

Kwa hivyo tufuate mambo matano.

Kwanza, hesabuni nguo mbele ya mteja na kuandika kwa kitabu: suruali ngapi, shuka ngapi, soksi ngapi. Kama kuna doa au tundu, mwonyeshe sasa, liandikwe. Akishaondoka, mtabishana bure.

Pili, pekueni mifuko. Biro moja huchafua mzigo mzima. Karatasi ya kupangusa pua huganda juu ya kila nguo. Sarafu na pini huharibu mashine. Ukipata pesa, ziandikwe na zirudishwe, hata kama ni shilingi kumi. Na ukipata risiti au barua, funga mdomo! Siri ya mfuko wa mtu si habari ya kisimani. Kikundi kinachosengenya wateja hakifiki mbali.

Tatu, tengeni mafungu. Nyeupe peke yake. Za rangi hafifu peke yake. Nyeusi, za jinzi na nyekundu peke yake. Shuka mpya msiiamini: lowesha pembe yake, ibonyeze kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, ifue kivyake kwa maji baridi. Nguo za shanga zifuliwe kwa mkono, kwani uzi ukikatika shanga huingia ndani ya mashine. Blanketi na taulo humwaga manyoya, basi zisikae na nguo nyeusi. Nguo za mgonjwa na nepi zitengwe kabisa, mkivaa glavu, na kinyesi kitolewe chooni kwanza.

Someni pia kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani. Picha ya beseni lenye namba 30 au 40 ni kipimo cha juu cha joto la maji. Beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono. Beseni lililokatwa msalaba, usilitie nguo hiyo maji. Pembetatu iliyokatwa, usitie Jik.

Nne, shughulikieni madoa mapema. Damu, maziwa na yai hutaka maji baridi. Maji moto huyagandisha. Mafuta, paka sabuni hapo hapo uache kidogo. Ule udongo mweusi wetu wa mvua, ungoje ukauke, ukung'ute nje, halafu ufue. Kola na mikono sugua kwanza. Funga zipu, fungua vifungo, geuza za jinzi na nyeusi ndani nje. Na Jik msiichanganye kamwe na dawa ya choo: hutoa hewa ya sumu.

Tano, msishindilie. Uzito ulioandikwa kwa mashine ni wa nguo kavu. Visima vingi vya Kitengela vina maji ya chumvi, na maji kama hayo yakiwa hayatoi povu upesi, mtu huzidi kumwaga sabuni. Jaribuni kwanza: tia sabuni kidogo kwa chupa ya maji, itikise. Povu likikataa, tumieni maji ya mvua kwa nguo nyeupe mkiyapata.

Na kama rangi imeshaingia nguo nyingine? Msiianike, msipige pasi. Ifueni tena ikiwa bado mbichi, kwa sababu ikikauka rangi hushika zaidi.

Kazi hii si ngeni kwetu. Wanaotunza vitambaa vya altare wanajua kwamba kile cha kufutia kikombe husuuzwa kwanza peke yake, na maji yale humwagwa ardhini mahali safi, ndipo kifuliwe. Kutenga ni heshima. Na shati la mtoto wa jirani nalo lina heshima yake, kwa maana pengine ndilo moja tu alilo nalo.

Basi mkirudi kwenye kikundi, chagueni leo nani atashika kitabu na nani atapekua mifuko. Zamu ziandikwe ukutani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.